Maji ya Githeri

Nani aliongeza maji?

Swali hilo lilinifikia kwenye simu Jumamosi moja mchana, nikiwa nimekaa kitandani katika chumba changu cha kupanga kule Mugutha, Ruiru, mlango wazi, nguo zikikauka kwenye kamba nje. Aliyeuliza alikuwa mtu nisiyemjua. Maji aliyoyataja yalikuwa ya kuchemshia githeri, yaani mahindi na maharagwe, na githeri yenyewe ilikuwa ndani ya hadithi niliyoiandika mimi. Nililisoma swali lile nikacheka. Nikalisoma tena, nikaacha kucheka.

Kwa kawaida mimi ndiye huuliza. Katika shule ya Jumapili niliuliza samaki walikuwa na wema gani hata gharika ikawaacha wakiogelea, na mwalimu akanihamishia kiti cha nyuma. Chuo kikuu nilimuuliza mhadhiri alijuaje kwamba fasihi humfunza mtu tabia njema, maana yeye alikuwa ameisoma miaka mingi na bado alikuwa akichelewa darasani. Aliniambia nimwone ofisini. Ofisini hakuwepo. Kwa hiyo nilipoanza kuandika hadithi, niliandika kama mtu anayejua kuuliza watu wengine, na sikuwa nimewahi kukaa upande wa pili wa meza.

Aliyenitumia kiungo cha kikundi alikuwa rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli moja Kahawa Wendani tulipokuwa wanafunzi. Alinipigia simu akitafuna kitu.

"Ni waandishi," alisema. "Wako kila mahali. Mombasa, Kitale, kuna hata mmoja yuko ng'ambo anatunza wazee wa watu."

"Na wanafanya nini huko? Wanapeana pongezi?"

"Pongezi? Maze, hao hawajui hiyo neno. Wanauliza maswali tu. Mpaka mtu anataka kuacha kuandika arudi kulima."

"Nani amewapa ruhusa ya kuuliza watu?"

"Ona sasa," alisema, akameza. "Wewe ni wao tayari. Hujajiunga tu."

Nilijiunga ili nione kilichokuwa na kasoro. Sikukosa cha kushangaa. Kikundi kilikuwa na utaratibu ambao sikuwahi kuusikia mahali pengine. Kila Jumamosi saa nane mchana ilisomwa hadithi moja ya mmoja wetu. Mwandishi hakuruhusiwa kuisoma mwenyewe. Ilikabidhiwa mtu mwingine ambaye hakuwa ameiona kabla, naye aliisoma kwa sauti kwa mara ya kwanza huku akijirekodi, kisha akaituma rekodi jinsi ilivyo, na kikohozi chake ndani, na pale alipokosea ndani. Wote tulisikiliza. Baada ya hapo kila mwenye neno alituma swali moja. Sifa hazikuruhusiwa, wala ushauri. Mwandishi hakuruhusiwa kujibu. Msimamizi wa kikundi, muuguzi fulani wa Mombasa ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, aliliweka jambo hilo wazi siku niliyoingia: "Ukitaka kujibu, jibu kwenye hadithi. Sisi hatuondoki na wewe. Tunaondoka na hadithi."

Niliona ni mchezo wa watu wenye muda mwingi. Kazi yangu mimi ni kunakili sauti. Natumiwa mahojiano na mikutano ya watu walio mbali, naisikiliza kwa spika za masikioni, naandika kila neno. Nimesikiliza sauti za watu mpaka najua mtu anapodanganya kabla yeye mwenyewe hajajua. Nilijiambia hakuna sauti itakayonifundisha chochote kuhusu maandishi yangu.

Hadithi niliyoitoa ilihusu siku baba yangu alipoondoka nyumbani kwetu Makongeni, kule Thika. Kwenye kikundi sikusema ni baba yangu. Niliandika tu baba, mama na mtoto. Lakini kila kitu kilikuwa jinsi nilivyokikumbuka. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa nchi kufuata kazi za viwanda, na mwaka ule baba alikuwa amekosa kazi miezi kadhaa, mama bado akiingia zamu ya mchana kiwandani. Nilikuwa darasa la tatu. Asubuhi hiyo mama alibandika githeri jikoni, jiko la makaa, akaondoka mapema. Mimi nilipotoka kwenda shule nilimwona baba amesimama mlangoni, na nyuma ya mlango kulikuwa na begi jeusi. Niliporudi jioni mlango ulikuwa na kufuli. Nilikaa kwenye baraza la jirani mpaka mama aliporudi. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni ya kazi, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi mwekundu, akafungua, akatia chumvi kwenye githeri, akapakua, tukala. Sahani zilikuwa mbili.

Tangu siku ile hatukumtaja. Hakuna aliyekataza. Mama hakulia mbele yangu, wala hakumsema vibaya. Aliendelea kama mtu aliyehamisha kiti kimoja ili apate nafasi ya kupita. Nami niliyewauliza walimu na wahadhiri sikuwahi kumuuliza mama swali hilo moja. Amani yetu ilisimama juu yake. Nilijua, kama unavyojua ubao wa sakafu usiopaswa kukanyagwa, kwamba nikiuliza kuna kitu kitavunjika kati yetu, na sikuwa na mama mwingine.

Kwa hiyo niliandika badala ya kuuliza. Nilidhani hiyo ndiyo faida ya hadithi.

Aliyepewa kunisomea alikuwa mama wa makamo, nadhani, kwa sauti yake. Alikuwa akisomea nje. Nilisikia kuku, na maji yakitoka bombani kuingia kwenye ndoo. Alikuwa na lafudhi ya Kikuyu iliyokomaa: alisema mrango, alisema arifunga. Nilikunja uso. Watu wa hadithi yangu walikuwa wa magharibi, na huyu angewasomaje? Nikatega sikio la kazini, lile la kutafuta makosa.

Nilitafuta makosa yake nikayapata yangu. Kulikuwa na sentensi moja ndefu niliyoipenda sana, yenye jua, vumbi na kengele ya shule. Katikati yake pumzi zilimwishia. Alinyamaza, akameza, akaendelea kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Baadaye alifika mahali nilipoandika kwamba huzuni ilimfunika mtoto kama blanketi zito la baridi ya Julai. Alisoma, akasita, akarudi kuisoma tena. Alidhani amekosea kusoma. Nilisikia aibu, kama ile ya tumbo kunguruma kanisani watu wakiwa wameinama kuomba.

Kisha akafika kwenye sufuria. Pale sikuwa nimepamba kitu kwa sababu sikuwa na la kupamba. Niliandika tu sufuria ilivyokuwa, kifuniko kilichopinda, jiwe juu ya kifuniko ili mvuke usikisukume. Sauti yake ilishuka. Alianza kusoma polepole, bila kujua nadhani, na hata maji ya bombani yalikuwa yamefungwa. Akasema, "Mama aritia chumvi, akapakua," na nikaona chumba chetu. Sikukikumbuka tu, nilikiona, pamoja na dirisha lililozibwa kwa karatasi ya nailoni, na mtu mwingine ndani yake. Mwanamke ambaye sikujua anaishi wapi, anayefuga kuku, alikuwa amesimama kwetu Makongeni akiangalia ndani ya sufuria yetu. Nilizivua spika nikatazama mlango wangu wa Mugutha kama mtu anayehakikisha yuko wapi.

Maswali yakaanza kuingia. Mmoja aliuliza kama mtoto alikuwa na njaa. Mwingine aliuliza jirani alikuwa akifanya nini muda wote huo. Yule mama msomaji naye aliuliza lake: "Huyu mama ametia chumvi bila kubonyeza hata punje moja. Amejuaje imeiva?" Nililiona ni swali la jikoni tu, nikalipita. Mwisho likaja la yule wa ng'ambo anayetunza wazee: "Githeri imebandikwa alfajiri, imeliwa jioni, haikuungua. Nyumba imefungwa. Nani aliongeza maji?"

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua githeri ya mahindi makavu haiachwi. Inakunywa maji siku nzima. Ukiisahau, jirani ndiye atakayekuambia kwa harufu. Nimeisimamia mwenyewe mara nyingi nikiwa msichana, kitabu mkono mmoja na kikombe cha maji mkono wa pili. Na bado niliandika hadithi nzima ya sufuria iliyojichemsha yenyewe. Nilikuwa nimeishi na siku ile karibu maisha yangu yote, nikaizungusha kichwani nikiwa shuleni, nikiwa hosteli, na sikuwahi kuona kwamba ina tundu katikati. Mtu aliye mbali, anayemlisha mzee wa watu kwa kijiko, alisikiliza mara moja akaliona.

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa, githeri haikuungua, mimi niliila. Vidole vilikuwa tayari. Lakini utaratibu ulikuwa utaratibu, na nilipofikiri vizuri nikaona kwamba "ndivyo ilivyokuwa" halikuwa jibu.

Zamu yangu nyingine ilikuwa mbali, na huo muda ndio ulionifundisha. Kila Jumamosi nilisikiliza hadithi ya mtu mwingine na kutafuta swali langu moja. Mwanzoni nilituma maswali ya kuonyesha kwamba mimi ni mjanja. Yalikuwa yakianguka kama jiwe kwenye matope. Hadithi ilirudi baadaye na hakuna kilichosogea. Kisha siku moja ililetwa kwetu hadithi ya kijana mmoja wa Kisii kuhusu mazishi ya babu yake kwenye mvua, yenye hotuba nyingi, nami sikuwa na ujanja wowote siku hiyo, nilikuwa nimechoka. Niliuliza tu nilichotaka kujua: "Nani alikuwa amemshikia bibi mwavuli?" Hadithi ile iliporudi hotuba zilikuwa zimeondoka karibu zote. Mahali pake kulikuwa na mwanamke, jirani aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na ule ukoo, amesimama nyuma ya bibi muda wote, mkono umeinuka, yeye mwenyewe analowa. Nilisikiliza rekodi nikiwa nafua, nikaacha nguo ndani ya beseni.

Sijui kueleza kilichonishika. Nilikuwa na shahada ya fasihi. Nilikuwa nimejifunza majina ya kila kitu ambacho hadithi inaweza kuwa nacho. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukiuliza mahali panapofaa, na ukakubali kunyamaza, mtu anaweza kutoka kwenye mvua ambayo haikuwa na mtu. Nilijaribu kutilia shaka, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Nikajiambia labda yule kijana alikuwa na huyo mwanamke tangu mwanzo. Lakini hata hivyo, alikuwa amemficha nani? Na mimi nilikuwa nimemficha nani?

Nilirudi kwenye githeri. Kwanza nilimleta jirani. Niliandika kwamba yule jirani mwenye baraza alikuwa akiingia na kuongeza maji kila mara. Nilifuta blanketi la Julai, nikakata ile sentensi ndefu vipande ambavyo mtu mwenye pumzi za kawaida angevibeba. Ilisomwa na mwanamume wa Kitale mwenye sauti nzito. Ilikwenda vizuri mpaka maswali. "Jirani aliingiaje? Ufunguo ulikuwa kwenye aproni ya mama."

Ni kweli. Nilikuwa nimeuandika mimi mwenyewe, na singeweza kuutoa, kwa sababu ule ufunguo sikuubuni. Niliuona bado: mkono wa mama ukiingia mfukoni, uzi mwekundu ukitangulia kutoka. Nyumba yetu haikuwa na ufunguo mwingine.

Basi nikajaribu njia ya mkato. Niliitoa githeri kabisa. Niliandika kwamba mama alirudi na mkate na maziwa, wakanywa chai. Hakuna maji ya kuongeza, hakuna aliyehitaji kuingia. Niliona nimewashinda. Zamu ile alisoma tena mama wa kuku. Alisoma vizuri, haraka kidogo, kama mtu anayesoma tangazo la kanisa, na alipofika kwenye chai alisoma bila kupunguza mwendo. Niliijua ile sauti. Ni sauti ya mtu asiyeona kitu.

Swali la kwanza lilikuwa lake. "Sufuria yetu iko wapi?"

Alisema yetu. Na chini yake wengine walituma karibu maswali yaleyale kwa maneno yao: kifuniko kilichopinda kilienda wapi, lile jiwe juu yake liko wapi. Yule wa ng'ambo aliandika, "Nimekuwa nikiifikiria hiyo sufuria kazini. Nani ameichukua?" Nilikaa na simu mkononi. Watu ambao hawakujua jina langu la ubatizo walikuwa wameibeba sufuria ya nyumbani kwetu wiki nyingi, wakienda nayo kazini, sokoni, na walipokosa kuiona waliuliza kama unavyouliza mtoto ambaye hajarudi nyumbani. Mimi mwenye nyumba ndiye niliyekuwa tayari kuitupa.

Nilijua kulikuwa na jibu moja ambalo sikulijaribu. Ningempa baba kazi ile. Alikuwa nyumbani, hakuwa na kazi, alikuwa na mikono. Niliwahi kuandika mistari miwili ya namna hiyo nikaifuta. Niliona nampaka mafuta. Mtu anayeondoka haongezi maji, nilijiambia. Hadithi yangu ilihitaji begi jeusi, na mtu aliyeondoka asubuhi bila kugeuka. Bila hivyo sikujua nimekasirikia nini miaka yote.

Jumapili iliyofuata nilienda Makongeni. Mama hafanyi kazi kiwandani siku hizi; ana kibanda cha mboga, na Jumapili hakifungui. Alikuwa ametoka kanisani, bado na kitambaa kichwani, amepika ugali na kunde. Aliniangalia nikiingia.

"We msichana, umekonda. Hao watu wa kompyuta hawakupi chakula?"

"Nakula, mama."

"Unakula chai. Najua chakula cha Ruiru." Akaniwekea ugali. "Na hiyo simu iweke huko. Kila saa unaisikiliza kama daktari."

Nilimwambia kuhusu kikundi. Nilimwambia kwamba watu wanasomeana hadithi na kuulizana maswali, na kwamba kuna hadithi yangu iliyokwama.

"Imekwama kama gari?"

"Kama gari."

"Ina nani ndani?"

"Mama na mtoto."

"Huyo mama ni nani?"

"Ni mama tu. Wa hadithi."

"Mmh," alisema. "Na huyo mama wa hadithi anakaa Makongeni?"

Niliinamia ugali wangu. Yeye alicheka kidogo kwa pua, akavuta bakuli la kunde karibu nami. Nikaona huu ndio mlango, na ukijifunga sitaupata tena. Mikono yangu ilikuwa baridi juu ya ugali wa moto.

"Mama," nilisema. "Ile siku ya githeri. Nani aliongeza maji?"

Hakuuliza siku gani. Hilo lilinitisha kuliko kama angefoka. Alikata tonge, akalibonyeza, akalishika bila kulipeleka mdomoni. Nje watoto wa vyumba vingine vya ploti walikuwa wakigombania mpira. Nilifikiri, sasa nimeukanyaga ule ubao, na nikangoja nyumba ianguke.

"Kula," alisema. "Itapoa."

Haikuanguka. Tulikula. Aliniuliza kodi ya Mugutha imepanda au bado, akanieleza ni nani ameolewa na nani amekataa kuolewa. Niliposimama kuondoka alinifungia kunde kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka nje ya lango, jambo ambalo huwa hafanyi.

Wiki ile niliiandika hadithi mara ya nne. Niliirudisha sufuria, na kifuniko chake, na jiwe. Niliurudisha ufunguo kwenye aproni na chumvi mahali pake. Begi jeusi nililiacha nyuma ya mlango, lakini baba sikumtoa asubuhi wala mchana. Niliandika tu kwamba jioni hakuwepo, kwa sababu hilo ndilo pekee nililolijua. Na mwisho mtoto anatazama ndani ya sahani, anaona githeri imeiva mpaka mahindi yamepasuka, anamuuliza mama, "Nani aliongeza maji?" Mama anasema, "Kula. Itapoa." Nikaacha hapo. Niliogopa kuacha hapo. Chuo kikuu ningesema mwandishi amekimbia.

Aliisoma mama wa kuku. Safari hii niliisikiliza nikiwa nimekaa nje, mgongo kwenye ukuta wenye jua. Hakukosa pumzi mahali popote. Alipofika kwenye swali la mtoto alisimama. Kuku waliendelea. Mahali fulani kwake mlango ulibamizwa na upepo, na yeye bado alikuwa amesimama. Katika kazi yangu kimya cha namna hiyo huandikwa kwenye mabano, tunaandika "kimya" na kuendelea. Sikuwahi kuelewa kwamba ndani yake kuna mtu. Kisha alisema jibu la mama kwa sauti ya chini sana, na rekodi ikakatika.

Nikangoja maswali. Hayakuja. Kwenye simu niliona kwamba mtu anaandika, kisha anaacha. Mwingine akaanza, akaacha. Yule wa ng'ambo alianza na kuacha zaidi ya mara moja. Hakuna aliyetuma kitu mpaka jua likaondoka ukutani. Nilimuuliza rafiki yangu kwa faragha kama nimewakosea.

"We, hujui?" aliandika. "Wakikosa la kuuliza wananyamaza. Mimi nimekaa humo tangu mwanzo na sijawahi kunyamaziwa. Ngai, nakuonea wivu."

Nilikaa pale. Nimeshangiliwa mara kadhaa maishani, siku ya mahafali, siku ya mashindano ya mdahalo, na kila mara niliuliza moyoni kama wanamaanisha. Kimya kile sikuwa na la kukiuliza. Watu wengi, katika miji ambayo sijafika, wamekaa na mama yangu, na hakuna aliyetaka kumsumbua.

Nilimpelekea mama rekodi ile kibandani, siku ya kazi, akiwa anafunga sukuma wiki mafungu. Nilimwekea spika masikioni. Aliendelea kufunga kwa muda, kisha mikono ikasimama na fungu ndani yake. Mteja alikuja, mama akamwonyesha kwa kidole kwamba angoje. Ilipokwisha alizitoa spika taratibu, akanirudishia.

"Huyu mama anasoma vizuri," alisema. "Ni wa Murang'a huyu, au wapi."

"Sijui, mama."

"Mwambie ahsante. Na kuku wake wana njaa, nimewasikia." Akamgeukia mteja. "Unataka ya ngapi?"

Ni hayo tu. Nilirudi Ruiru nikijua kwamba hadithi imekwisha na kwamba sitapata zaidi, na sikuona uchungu. Nimeendelea kuandika. Nimeendelea kuuliza, swali moja kila Jumamosi, na bado kila mara mtu anapotoka kwenye hadithi ambayo haikuwa naye mwili wangu husisimka.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya hapo. Nilikuwa nimelala kwake siku za sikukuu, na asubuhi tulikaa mlangoni tukichagua maharagwe kwenye sinia, yeye akitoa mawe, mimi nikitoa yaliyotobolewa. Tulikuwa tukizungumzia bei ya makaa. Mama akasema, bila kuinua kichwa, kwamba siku ile baba hakuondoka asubuhi. Alishinda nyumbani akiisimamia githeri mpaka ikaiva, akaepua, akafunga mlango, akatembea na begi lake mpaka kiwandani. Alimsubiri mama langoni zamu ilipotoka. Akamtilia ufunguo mkononi, akamwambia imeiva, bado chumvi tu.